Bawa la Ruta kwenye Msumeno wa Meza: Ushauri kwa Seremala wa Pwani

Karakana ya useremala katika ukanda wa Bunju hadi Bagamoyo mara nyingi ni chumba kimoja na kibaraza chake. Mbao zimeegemezwa ukutani, milango iliyokwisha imesimamishwa nje ili mpita njia aione, na katikati umekaa msumeno wa meza ukila nusu ya sakafu. Kazi nazo zipo: nyumba zinainuka Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, na kila nyumba inataka milango ya paneli, fremu za madirisha na makabati ya jikoni. Kazi hizo zote zinadai mifereji, ndimi na kingo za mapambo ambazo msumeno peke yake hauzitoi vizuri.

Ruta inazitoa. Lakini ruta ikishikwa mkononi juu ya kipande chembamba huyumba, na fundi humaliza muda mwingi akifunga na kufungua klampu. Igeuze kichwa chini, ifunge chini ya meza na uache biti ichungulie juu. Sasa mbao ndiyo inayotembea, nayo mikono yako miwili iko huru kuiongoza. Swali linalobaki ni meza hiyo uiweke wapi ilhali chumba kimejaa.

Jibu la wengi ni kuongeza bawa kwenye ubavu wa msumeno wa meza na kuifunga ruta humo. Bawa hilo linatumia miguu na fensi ya msumeno, na siku ya kupasua shiti la plaiwudi la milimita 2440 kwa 1220, linakuwa egemeo la kubeba upande unaoning'inia. Ni wazo zuri kwa fundi mwenye nafasi ndogo. Linaharibika pale anapotumia fedha zake nyingi kwenye ruta kubwa na vifaa vya kung'aa, kisha akaifunga kwenye ubao uliobaki kazini. Huku pwani, ubao huo utapinda kabla masika hayajaisha, na hakuna ruta inayoweza kutoa mfereji sawa juu ya meza iliyopinda. Kwa hiyo ushauri wangu wote una msingi mmoja: jenga kwanza uso ulionyooka na utakaobaki umenyooka, halafu ndipo ufikirie ruta.

Anza na msumeno ulionao

Misumeno ya meza inayopatikana kwetu ni ya namna tatu, na kila moja ina masharti yake.

Ya kwanza ni ile mizito ya kiwandani yenye meza ya chuma cha kalibu. Hii ndiyo inayofaa zaidi. Meza yake haipindi, na ubavuni mara nyingi ina matundu yaliyokwisha kutobolewa kwa ajili ya bawa. Tumia matundu hayo hayo.

Ya pili ni misumeno myepesi ya kubebwa hadi eneo la ujenzi, yenye meza ya aluminiamu. Ukiiongezea bawa zito upande mmoja, pamoja na ruta ya kilo tano au sita, inaweza kupinduka unapoegemea. Ifunge kwanza kwenye benchi pana kwa boliti, kisha bawa lijengwe juu ya benchi hilo, lisining'inie kwenye meza yenyewe.

Ya tatu ni mashine zinazoundwa na mafundi wetu wa kuchomelea: fremu ya chuma cha engo, shafti, mikanda, mota upande mmoja, na pengine randa kwenye shafti hiyo hiyo. Mashine hizi zinafanya kazi nyingi kuliko zinavyosifiwa, lakini zinatetemeka. Weka sarafu juu ya meza ikiwa imewashwa. Ikitembea, rekebisha puli, mikanda na beringi kabla ya jambo lolote lingine. Halafu usikubali bawa lichomelewe moja kwa moja kwenye uso wa meza, kwa sababu moto wa kuchomelea hukunja bamba lililonyooka. Chomelea vishikio kwenye fremu ya chini, na bawa lenyewe lifungwe kwa boliti.

Kabla hujatoboa chochote, lalisha bledi hadi nyuzi 45 na uchungulie chini ya meza. Katika misumeno mingi mota huinuka na kutokeza upande mmoja bledi inapolala, na upande huo mara nyingi ndio wenye nafasi uliyokuwa umeipangia ruta. Ni bora kuligundua hilo ukiwa na penseli mkononi kuliko ukiwa umeshakata tundu.

Uso wa bawa

Mbao nzima, hata iwe mninga mkavu wa miaka, haifai kuwa uso wa bawa. Mbao hupanuka na kusinyaa kimapana kufuatana na hewa, na hewa ya Bagamoyo wakati wa kaskazi siyo ile ya Aprili mvua zikiwa zimeshika. MDF imenyooka vizuri siku unayoinunua, lakini ikinywa maji kingo zake huvimba na hazirudi tena.

Chaguo la kuaminika ni plaiwudi ya marini ya milimita 18, vipande viwili vilivyogundishwa pamoja kupata unene wa milimita 36. Vigundishe juu ya sehemu iliyonyooka kweli, kwa mfano juu ya meza yenyewe ya msumeno iliyofunikwa nailoni, na uvikandamize kwa klampu na mbao nene hadi gundi ikauke kabisa. Bawa litachukua umbo la mahali lilipokaukia.

Kisha bandika fomaika, na ubandike pande zote mbili, juu na chini. Wengi hubandika juu tu kwa sababu chini hakuonekani. Upande ulio wazi utaendelea kunywa unyevu huku uliozibwa ukikataa, na ubao utajikunja. Fomaika ya chini inaweza kuwa ya rangi yoyote ya bei nafuu, mradi iwe na unene sawa na ya juu. Kingo zizungushie ukanda wa mninga au mtiki, kisha paka vanishi kila palipobaki wazi, pamoja na kuta za ndani za tundu la ruta.

Chini ya bawa funga vipande viwili vya engo kutoka ukingo wa msumeno hadi ukingo wa nje, na ukingo huo wa nje uwe na mguu unaofika sakafuni wenye boliti ya kurekebisha urefu. Ruta inaning'inia hapo mwaka mzima, na bila mguu bawa litalegea kidogo kidogo bila wewe kuona.

Matundu ya kuunganisha bawa na msumeno yatoboe mapana kuliko boliti: boliti ya milimita 8, tundu la milimita 10. Nafasi hiyo ndiyo itakayokuwezesha kupandisha na kushusha bawa hadi lilingane na meza. Tumia rula ndefu iliyonyooka. Bomba la aluminiamu la mafundi wa madirisha linafaa, ila lijaribu kwanza. Chora mstari kwa kufuata ukingo wake, ligeuze upande wa pili, chora tena mahali pale pale. Mistari ikikaa juu ya mwenzake, bomba limenyooka.

Lilaze bomba hilo kutoka kwenye meza ya msumeno hadi mwisho wa bawa, na ujaribu kupenyeza chini yake karatasi ya kawaida ya kuchapia, ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Karatasi ikipita mahali, hapo pameshuka. Bawa likihitaji kuinuliwa kidogo, vipande vya kopo la soda vilivyokatwa kwa mkasi vinatosha kuwekwa katikati ya kishikio na ubao. Rudia kipimo hiki kila msimu unapobadilika.

Bamba na ruta

Usiifunge ruta moja kwa moja kwenye ubao wa milimita 36, maana biti haitafika juu. Inahitaji bamba jembamba lakini gumu: aluminiamu ya milimita 6, kiasi cha milimita 300 kwa 235, linatosha ruta nyingi. La dukani huja na pete za kubadilisha ukubwa wa tundu. Ukitaka kuchongesha, mafundi wa leti wa Gerezani, Kariakoo, wanaweza kukutobolea tundu la katikati pamoja na pete zake. Usiliache tundu kubwa wazi ukitumia biti ndogo, kwa kuwa ncha ya mbao itazama humo na kugonga ukingo wa bamba.

Bamba likae ndani ya ubao kwenye kina kilichozidi unene wake kidogo sana, na kila pembe iwe na skrubu ya kulipandisha hadi lilingane na fomaika. Kama huwezi kupata usawa kamili, liache juu kwa unene wa unywele, lisiwe chini. Mbao hupanda ngazi ndogo ikiwa imeshatangulia kuliegemea, lakini bamba lililozama huitega kila inapopita.

Kwa ruta, ile isiyo na springi za kushuka ni rahisi zaidi kuitumia chini ya meza. Ukiwa na ile ya kushuka, fuata kitabu chake na utoe springi, la sivyo utakuwa unashindana nazo kila unapopandisha biti. Vifaa vya kiwandani vya kupandishia ruta ni vizuri, lakini jeki ndogo iliyofungwa chini, inayosukuma ruta juu taratibu, inafanya kazi hiyo hiyo. Ukishapata kimo, kaza kufuli ya ruta yenyewe. Jeki isiachwe kuwa ndiyo inayoishikilia.

Suala la koleti lichukulie kwa uzito. Sokoni kuna biti za shina la milimita 6, 8 na 12, na pia za robo inchi na nusu inchi, zote zikiwa kwenye boksi moja. Robo inchi ni milimita 6.35, na nusu inchi ni milimita 12.7. Biti ya milimita 12 itaingia kwenye koleti ya nusu inchi na itaonekana imekazwa, kisha itateleza na kutoka ikiwa kwenye kasi. Pima shina kwa kalipa kabla ya kulipa. Unapoifunga, iingize hadi chini halafu uirudishe juu kama milimita 2 ndipo ukaze, ili koleti ilibane shina na siyo sakafu yake.

Umeme

Ruta ya koleti ya nusu inchi hula kati ya wati 1600 na 2000, na msumeno nao hauko mbali na hapo. Soketi yetu ya ampia 13 kwenye volti 230 inabeba karibu wati 3000. Kwa hiyo usivichomeke vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Mbali na kuungua kwa plagi, mashine mbili zilizowaka pamoja kwenye meza moja ni hatari hata kama waya ungehimili.

Hatari inayosahaulika ni ile ya umeme kukatika na kurudi. Ruta iliyofungwa chini ya meza huachwa swichi yake ikiwa imewashwa, na hudhibitiwa kwenye soketi ya ukutani. TANESCO wakikata, fundi huondoka, au huinama kubadilisha biti. Umeme ukirudi, ruta inaanza kuzunguka yenyewe. Nunua swichi ya mashine ile ambayo umeme ukikatika hujizima, na haiwaki mpaka ubonyeze tena kitufe cha kijani. Ifunge mbele ya bawa, mahali goti linaweza kubonyeza kitufe chekundu mikono ikiwa na kazi. Kati ya vifaa vyote nilivyovitaja, hiki ndicho ambacho sikushauri ukiahirishe. Na unapogusa biti, chomoa plagi. Usitegemee swichi yoyote.

Kwa wanaonunua mashine za mitumba zilizotoka Marekani: kule umeme ni volti 120 na mizunguko 60, hapa ni volti 230 na mizunguko 50. Transfoma hubadilisha volti tu. Ruta yenye kaboni haijali mizunguko, lakini mota nyingi za misumeno mizito hutegemea mizunguko hiyo. Zitapungua kasi kwa karibu sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi. Zinazotoka Muscat au Dubai kwa kawaida hazina tatizo hili, kwa kuwa huko nako wanatumia mizunguko 50.

Fensi na mwelekeo wa kusukuma

Fensi ya msumeno inaweza kutumika kwa ruta, ila isikutane na biti. Ifungie uso wa mbao wenye vipande viwili vinavyosogezwa kushoto na kulia, ili nafasi ya katikati iwe pana kidogo tu kuliko biti. Nyuma ya nafasi hiyo tengeneza kisanduku cha kufyonzea vumbi.

Ukisimama mbele ya fensi, biti ikiwa katikati yake na mbao ikiwa upande wako, sukuma kutoka kulia kwenda kushoto. Ruta iliyopinduliwa huzunguka kinyume cha mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu, kwa hiyo mwelekeo huo unaifanya mbao ikabiliane na meno huku ikibanwa kwenye fensi. Ukisukuma kutoka kushoto, biti itaikamata mbao na kuirusha, na vidole vitaifuata. Kwa sababu hiyo hiyo, usipitishe kamwe mbao katikati ya biti na fensi, hata kama upana unaoutaka unaelekea kukubali. Mzoefu wa msumeno ndiye anayenaswa hapa, maana kwenye msumeno mbao hupita kati ya bledi na fensi kila siku. Bawa limeshikana na msumeno, lakini sheria zake ni nyingine. Chora mshale wa mwelekeo kwa rangi isiyofutika kwenye bamba, hasa kama una wanafunzi karakanani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humfanya mwajiri awajibike kwa usalama wa anaofanya nao kazi.

Kipande kidogo usikisukume kwa mikono mitupu. Pitisha mbao ndefu kwanza, kisha kata vipande vyako kutoka humo. Ukipamba paneli pande nne, anza na ncha zinazokata nyuzi za mbao, umalizie na pande ndefu. Nyuzi zitakazong'oka kwenye kona zitaondolewa na pito la mwisho.

Kasi ya biti na mbao zetu

Biti nyembamba hadi milimita 25 inaweza kuzunguka mara 24,000 kwa dakika. Ile ya milimita 50 ishushe hadi 18,000. Biti kubwa za kuinulia paneli, za milimita 75 hadi 90, zisipite 12,000. Sababu iko kwenye hesabu: ncha ya biti ya milimita 80 kwenye mizunguko 24,000 inakwenda mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa, na jino linalong'oka kwa mwendo huo halina huruma. Kama ruta yako haina kirekebisha kasi, usinunue biti kubwa. Kwa mbao ngumu kama mninga na mkongo, toa milimita 3 kwa pito moja, si zaidi.

Mvule una tabia ya kuficha mawe madogo ya chokaa ndani yake, na hayo huvunja makali bila onyo. Mtiki, hata ule wa mashamba ya Longuza kule Muheza, hupunguza makali ya biti haraka, kwa hiyo weka akiba moja. Vumbi la mvule pia huwasha ngozi na kubana kifua. Vaa barakoa nzuri hata kama kazi ni ya dakika tano.

Mbao za majahazi chakavu, zinazopendwa siku hizi kwa meza za hoteli, zipitie kwanza kwa sumaku kutafuta misumari iliyobaki, kisha zisugue kwa brashi ya waya kuondoa mchanga na chumvi. Msumari wa shaba sumaku haiuoni, kwa hiyo tafuta kwa macho pia alama za kijani. Mbao yenye shaka isifike kwenye ruta.

Na kwa anayetengeneza milango ya nakshi kama ile ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo: ruta itakuandalia fremu, mifereji ya paneli na kingo za mfaa kwa muda mfupi sana. Nakshi yenyewe iache kwa patasi. Biti huzunguka, na kila kona ya ndani inayoichonga hubaki na mviringo. Mteja anayejua milango ya zamani ataona akiwa barazani.

Kutu

Hewa ya bahari huanza kula meza ya chuma ndani ya siku chache za kusahauliwa. Kila Jumamosi futa vumbi, kwa kuwa vumbi la mbao hushika unyevu, kisha paka nta nyembamba kwenye meza na bamba na uing'arishe kwa kitambaa. Nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini inatosha. Usitumie dawa za kupulizia zenye silikoni. Zikihamia kwenye mbao, vanishi itakataa kushika. Usiku funika kwa turubai la kitambaa, si nailoni, maana nailoni hufungia jasho la chuma ndani.

Nani asijisumbue

Bawa halimfai kila mtu. Kama karakana ina mafundi watatu wanaogombea msumeno mmoja, ruta iliyofungwa humo itakuwa foleni ya pili kwenye mashine ile ile. Anayepiga mapambo ya kingo kutwa nzima ni heri ajenge meza ya ruta inayosimama peke yake, kwa ubao na bamba la namna niliyoeleza. Kazi itakuwa ile ile, na msumeno utabaki huru.

Wewe unayefanya kazi peke yako au na msaidizi mmoja, pangilia siku kwa makundi. Pasua mbao zote za oda kwanza, shusha bledi chini ya meza, chomoa msumeno, halafu ndipo uchomeke ruta. Ukimaliza, toa biti na uweke kifuniko cha tundu kabla ya kurudi kupasua. Kila pimo la fensi likifutwa linakugharimu muda kulirudisha, kwa hiyo kata vipande viwili vya ziada kwenye kila kipimo: kimoja cha kujaribia biti, kingine cha kurekebishia fensi mteja akirudi mwezi ujao kuomba mlango wa pili.